Karibuni na Kwetu

Siku ya kwanza ya safari yetu tulikula mayai. Tulikaa kwenye mkahawa wa hoteli mjini Calgary, magharibi ya Kanada, mimi na mdogo wangu Mardhiya. Chai yao haikuwa na ladha. Mardhiya akatoa iliki mkobani, akaiponda kwa kijiko, akaitia kwenye vikombe vyetu. Nje jua lilikuwa linawaka na milima ilionekana mbali, myeupe juu. Ilikuwa mwezi wa tisa. Hapakuwa na jambo lolote la kumtia mtu hofu.

Safari ile ilikuwa zawadi ya Zahra, mwanawe Mardhiya. Mdogo wangu alifanya kazi ya kutunza wazee hapa London mpaka akastaafu, na bibi mmoja aliyemtunza mtaa wa Queensbury alikuwa na picha ukutani, ziwa la kijani chini ya mlima wa barafu. Mardhiya aliifuta vumbi picha ile miaka mingi. Kila mara akisema iko siku ataliona ziwa lenyewe. Zahra akayashika maneno yale. Alikuwa na mimba changa, ya kwanza, na mumewe Mahir yuko kwenye meli za mafuta huko Scotland, haji ila kwa zamu. Alimwambia mama yake nenda sasa, kwa sababu mtoto akizaliwa hutatoka tena. Mardhiya akaniambia mimi, dada yake, nimfuate. Mimi ni mjane, naishi Kilburn peke yangu. Sikuwa na sababu ya kukataa.

Tuliliona ziwa. Mardhiya alisimama ukingoni akakunja uso.

"Da Mwana, haya maji wameyapaka rangi?"

"Mardhiya, muogope Mungu."

"Basi yule bibi wa picha alikuwa na haki ya kutotaka kufa."

Tulicheka mpaka Mchina mmoja wa basi letu akatupiga picha. Tukaenda kwa basi siku kadhaa, tukakanyaga barafu, tukaona dubu akivuka barabara na wanawe, tukashuka mpaka Vancouver, kisha tukapanda meli kuelekea kaskazini kando ya pwani. Mvua huko haikati. Misitu inafika mpaka majini, na miti yake ni mierezi minene ambayo watu watano hawawezi kuizungusha mikono.

Siku ya mwisho ya safari walitupeleka kwa mashua kwenye kijiji cha zamani. Silitaji jina lake, kwa sababu aliyetupeleka alituomba tusilitaje. Alikuwa mwanamke wa huko, wa watu wenye ardhi ile tangu mwanzo, anaitwa Lorraine. Mtu mzima, mcheshi, amevaa koti la mvua la manjano. Alisema kwa Kiingereza, nami naandika kama nilivyoelewa.

Alituambia nyumba zile zilikuwa kubwa, kila moja inakaa ukoo mzima. Zilikuwa na nguzo za kuchongwa, wanyama juu ya wanyama. Sasa zimelala chini na kuvu juu yake, na wao wameamua kuziacha zilale mpaka ziwe udongo. Alituambia kuhusu ndui. Ilikuja na meli za wageni, ikaua watu mpaka hapakubaki wa kuzika. Waliosalia wakahamia kwingine. Kisha watoto wao wakachukuliwa kwa nguvu kupelekwa kwenye shule ambako walipigwa wakisema lugha ya mama zao. Bibi yake Lorraine alikuwa mmoja wao.

"Fuateni njia hii iliyotandazwa makombe ya chaza," alisema. "Msiguse kitu. Msichukue kitu, hata jiwe."

Hatukuchukua kitu. Naapa kwa hilo.

Mardhiya alisimama mbele ya nyumba moja. Zilikuwa zimebaki nguzo mbili za mlangoni na shimo la sakafu lililoota miti. Akamuuliza Lorraine, "Wageni wa mwisho kuingia hapa walikuwa nani?"

"Walioleta ugonjwa," Lorraine akajibu.

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo watu wanakuja kupiga picha."

Wenzetu wakaendelea mbele na Lorraine. Mardhiya hakuondoka. Nikamwona amelowa machozi. Mdogo wangu alilelewa Wete, na kwetu sisi nyumba isiyoingia mgeni ni nyumba ya kuhurumiwa. Akatengeneza ushungi wake, akasema, "Hodi." Akasema mara tatu, kama tulivyofundishwa. Kisha akasoma Fatiha, akanyamaza kidogo, kama mtu aliyekaa sebuleni. Alipogeuka kuondoka akasema vile tunavyosema sote tukiaga.

"Ahsanteni sana. Na nyinyi karibuni na kwetu. Tuko Wembley."

Mimi nilicheka. Ulikuwa mzaha kidogo na adabu zaidi. Ni maneno ambayo mdomo wetu unayatoa wenyewe.

Kunguru wa msitu ule walikuwa wakipiga kelele tangu tulipotia mguu. Wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Kwenye mashua ya kurudi Lorraine aligawa mablanketi. Mardhiya alikaa benchi la nyuma peke yake, mimi mbele yake. Lorraine akampa blanketi moja, kisha akampa la pili.

"Hili la nani?" Mardhiya akauliza.

Lorraine alitazama nafasi tupu ubavuni mwake. Akatazama tena. "Samahani," akasema. "Nilidhani mko wawili hapo."

Tulirudi London. Nilimwacha kwake Wembley, flati ya ghorofa ya pili anayokaa na Zahra, nikaenda zangu Kilburn. Zikapita siku za amani. Mwezi wa kumi ukapita. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, saa zilipokwisha kurudishwa nyuma na giza likaanza kuingia mapema, Mardhiya akanipigia simu mchana.

"Da Mwana, umekuja hapa leo?"

"Sijatoka."

"Basi nani kabisha hodi? Nilikuwa jikoni, nikaitikia karibu. Nikatoka na mikono ya unga. Mlango uko wazi."

"Na nani yupo?"

"Hapana mtu," akasema. Kisha akapunguza sauti. "Lakini kaingia."

Nilikwenda kesho yake. Zahra alikuwa kazini. Flati ilikuwa na joto, hita zote zinawaka, ila sebuleni palikuwa na kiti kimoja karibu na dirisha. Nilipitisha mkono juu yake nikauondoa. Baridi yake haikuwa ya London. Ilikuwa ya maji ya kina kirefu. Na palinuka moshi wa mti mbichi wa mwerezi, harufu ambayo hapa mjini haina pa kutoka.

Mbele ya kiti pana kikombe cha chai.

"Umemwekea nani?"

"Kaa kwanza," Mardhiya akasema. "Usimpe mgongo."

Nilikaa. Nilisoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikairudia, nikapuliza pande zote. Nilitegemea kusikia kitu kinakimbia au kinalia, kama tunavyosimuliwa tangu utoto. Hakikukimbia. Hakikulia. Kilichotokea ni kwamba chumba kilitulia, kikatulia kwa namna ya mtu aliyeinamisha kichwa kwa heshima, anangoja wenye nyumba wamalize sala yao. Hilo lilinitia hofu kuliko kelele yoyote. Nilipofunga kwa sadakallah, nikasikia kiti kikilia kidogo. Kama anayekaa vizuri zaidi.

"Mwambie aondoke," nikanong'ona.

"Nimwambieje? Nimemwita mimi."

"Mardhiya."

"Sisi tunafukuza mgeni, Da Mwana? Tangu lini?" Alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala. "Hana ubaya. Anakaa tu. Ataomba ruhusa mwenyewe akichoka."

Nilimletea sheikh wa msikiti wetu, mtu mwema. Alisoma, akanyunyiza maji, akasema nyumba ni safi. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliniuliza kwa utaratibu yule mzee wa dirishani ni jamaa yetu wa upande gani, maana hakuitikia salamu.

Nikapata nambari ya Lorraine kupitia kampuni ya safari. Nilimweleza yote. Simu ya kule ilikuwa na upepo ndani yake.

"Alichukua kitu?"

"Hakuchukua."

"Alisema kitu?"

Nikamtafsiria.

"Watu wote tunawaonya wasichukue," akasema. "Hakuna aliyewahi kuwaalika waliolala pale." Kisha akasema, "Usidhani mimi najua. Mimi naendesha mashua. Shangazi zangu watakwambia siyo mimi wa kuulizwa. Kwenu mgeni akitaka kwenda zake inakuwaje?"

"Anaomba ruhusa, na mwenyeji anamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Inategemea. Unayempenda unamsindikiza mbali."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Na safari yake huyu ni ndefu," akasema. "Mimi ningekuwa mdogo wako, nisingetoka naye."

Nilimpelekea Mardhiya maneno yale. Aliyasikia. Aliniahidi hatatoka naye hata mpaka kwenye ngazi. Nikahamia kwake. Nililala chumba kimoja na Zahra, ambaye tumbo lilikuwa limekua sasa. Zahra amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia na kujibu kwa Kiingereza, na mambo haya kwake ni ya wazee. Alimwona mama yake akimimina chai kwenye kikombe cha ziada akamwambia, "Mama, please. Ukiendelea hivi nitakupeleka kwa daktari." Alikuwa akipita mbele ya kiti kile kwa kukatiza, bila kusema samahani. Kila akipita hivyo, mimi na Mardhiya tulikuwa tukitazamana.

Krismasi ya majirani ikapita. Mwezi wa kwanza, Ijumaa moja, baada ya sala ya mchana, tulisikia Zahra akiita kutoka ujiani. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya mtoto mdogo, na aliita kwa Kiswahili.

"Mama. Mama, njoo."

Alikuwa amesimama ameegemea ukuta. Mikono ameiacha wazi kando, kama mtu anayepekuliwa. Fulana yake ilikuwa imelowa tumboni. Lilikuwa doa la kiganja.

"Kanishika," akasema. "Taratibu. Kama wale bibi msikitini wanavyonishika, wakiuliza mwezi wa ngapi."

Mardhiya alilishika tumbo lile kwa mikono yake miwili. Mtoto akacheza, alhamdulillahi. Nikamshika Zahra nikamlaza, na Mardhiya akabaki mlangoni mwa chumba anatazama sebuleni. Uso wake ulibadilika. Nimemlea mdogo wangu tangu mama yetu alipofariki, na ule uso sikuwahi kuuona.

"Kachoka kukaa," akasema. "Anataka kwenda kwao. Anataka wa kumsindikiza."

"Kakwambia?"

"Hasemi. Anamtazama Zahra."

"Nimpigie Mahir? Twendeni kwangu sote, sasa hivi."

"Tukihama atahama nasi. Ni mgeni wetu." Akanishika bega. "Swalini alasiri kwanza. Kisha tutaona."

Mchana wa mwezi wa kwanza ni mfupi. Dirishani jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa. Niliswali pembeni ya kitanda cha Zahra, na Zahra akaswali amekaa. Tulikuwa rakaa ya tatu. Nikasikia kabati la makoti likifunguliwa. Nikasikia sauti ya Mardhiya ujiani, sauti ya chini, ile anayoitumia kwa watu wazima.

"Haya, twende zetu. Nakusindikiza mimi. Huyu mwache, ana mzigo."

Kisha nyayo. Za mdogo wangu nazijua, anaburuta mguu wa kulia. Na nyayo nyingine. Nzito. Zenye maji.

Nilikata sala. Mungu anisamehe, sijapata kukata sala nyingine maishani mwangu. Nilifika ujiani mlango uko wazi na baridi inaingia. Nilitoka barazani pasi na viatu. Chini barabarani taa zilikuwa zimeshawashwa na watu wanatoka kazini. Nikamwona. Alikuwa anatembea taratibu kando ya ukuta wa maduka, mkono wake wa kushoto ameukunja, kiwiko nje. Ndivyo anavyotembea mtu aliyempa mkono mzee ashike.

"Mardhiya!"

Alisikia. Aligeuza kichwa nusu. Akatikisa mkono wa kulia, kidogo tu, kama kusema rudi ndani utapata baridi. Basi likapita kati yetu. Lilipopita hakuwapo.

Walimpata kesho yake asubuhi kwenye bwawa la Brent, upande wa Neasden. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyemwona. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, uso ameuelekeza majini, mikono mapajani. Daktari alisema ni moyo. Alisema hakuteseka. Polisi wa kike aliniuliza kwa upole kama mdogo wangu alikuwa na tatizo la akili, kwa sababu alikuwa amevua viatu katika baridi kama ile. Aliviweka pamoja, nyuma yake, vimepangwa vizuri. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwetu mtu akifika kwenye nyumba ya watu huvua viatu.

Nilimwosha kwa mikono yangu, mimi na Bi Faridah wa msikitini. Ukingo wote wa bwawa lile ni tope. Nyayo za mdogo wangu zilikuwa safi na kavu.

Tangu siku ile kiti cha dirishani kikawa kiti tu. Nilikikalia mwenyewe kwa matanga yote. Harufu ikatoka. Joto likarudi. Watu walikuja wakala, wakasoma, wakaondoka, na nilimsindikiza kila mmoja mpaka kwenye ngazi tu, wala sikushuka hata daraja moja.

Zahra alijifungua mwezi wa pili mwishoni. Mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi mno. Hospitali wauguzi walikuja kumtazama kwa nywele zake. Mahir alimwadhinia sikioni, na jina akapewa la bibi yake. Nilisema moyoni, mdogo wangu alilipa, na deni limekwisha. Nilisujudu nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Siku ya saba tulimnyoa, kama ilivyo sunna. Kazi ile ilikuwa ya Mardhiya, ikawa yangu. Nilimlaza mtoto mapajani juu ya kitambaa cheupe. Mahir alishika bakuli la maji ya vuguvugu. Zahra alikaa mbele yangu, anaogopa wembe. Nilianzia mbele nikaenda nyuma. Nywele zilikuwa nyeusi, laini, zinaanguka kwa mafungu.

Nilipofika utosini mkono wangu ukasimama.

Chini ya nywele, juu ya ngozi pale panapopiga, palikuwa na manyoya. Siyo nywele. Ni manyoya ya ndege, yale madogo ya kifuani, meupe, mepesi kuliko pumzi. Yalikuwa yamenyunyizwa. Mtoto ameogeshwa kila siku kwa mikono yangu mwenyewe, na hajatoka nyumbani tangu aletwe. Niliyachukua kwa ncha za vidole. Yalikuwa makavu, na maji ninayamimina mimi.

"Nini, mama mkubwa?" Zahra akauliza.

"Pamba," nikasema.

Nilimaliza kunyoa. Nilienda chooni, nikayapiga picha, nikamtumia Lorraine. Sikuandika neno. Hakujibu siku ile. Alipiga simu kesho yake, na safari hii hapakuwa na upepo. Alikuwa amekaa ndani mahali.

"Yametoka wapi?"

Nikamwambia.

"Nimewaonyesha shangazi zangu," akasema. "Wanasema ni ya tai." Nyuma yake nikasikia sauti za wazee. "Kwetu hunyunyiziwa mtu kichwani kwenye sherehe. Ni ya amani. Usiogope, adui hanyunyiziwi."

"Hunyunyiziwa mtu gani?"

"Mgeni. Akishafika, akishapokelewa."

Mtoto alikuwa amelala mbele yangu, kichwa kimenyolewa, kinang'aa mafuta ya nazi. Alikuwa akicheka usingizini, macho nusu wazi, ameyaelekeza juu ya bega langu.

"Na anayemnyunyizia ni nani?" nikauliza.

"Mwenye nyumba," Lorraine akasema.